Tusikimbie giza na kukumbatia mauti

WAKENYA hawajasahau usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipopotea takriban kote nchini na hata Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, jijini Nairobi, ukagubikwa na giza. Hali hiyo ilijirudia Novemba na Desemba mwaka huo, kisha ikatokea tena 2024.

Si ajabu basi kwamba wenye maduka, vinyozi na familia nyingi wamekimbilia inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri au wa paneli za sola kuwa umeme wa volti 240 tunaoutumia nyumbani. Kujitegemea huku ni jambo la kupongezwa. Linalotia hofu ni jinsi vifaa hivi vinavyounganishwa.

Wengi hudhani kuwa betri ya volti 12 haina madhara. Ukweli ni kwamba inveta ya wati 1,000 ikitumika kikamilifu hufyonza zaidi ya ampea 80 kutoka kwa betri hiyo. Waya mwembamba ukibebeshwa mzigo huo hupata moto, mpira wake ukayeyuka na nyumba ikateketea. Ndiposa waya wa betri unafaa kuwa mnene na mfupi, na fyuzi kuwekwa karibu kabisa na betri. Isitoshe, betri za asidi zinapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche ndogo tu. Kuziweka chini ya kitanda au katika kabati lisilopitisha hewa ni kujichimbia kaburi.

Hata kuzima swichi kuu hakutoshi. Paneli huendelea kuzalisha umeme maadamu kuna mwanga wa jua, na ndani ya inveta umeme unaweza kusalia kwa dakika kadhaa baada ya kuzimwa.

Hatari nyingine inamkabili mtu ambaye mwenye nyumba hata hamjui. Wapo wanaochomeka inveta kwenye soketi ya ukutani bila kuitenga nyumba na laini ya Kenya Power. Umeme huo unaweza kurudi hadi kwenye transfoma, nayo ikaupandisha hadi volti 11,000. Fundi aliyepanda mlingoti akiamini kuwa laini imezimwa huenda akafa papo hapo. Kinga yake ni swichi maalumu ya kubadilishia, isiyoruhusu umeme wa inveta na ule wa laini kukutana hata kidogo.

Sheria si kikwazo. Sheria ya Kawi ya 2019 inahitaji kazi za umeme zifanywe na mafundi wenye leseni, ambazo hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, Epra. Tatizo ni kwamba mnunuzi humaliza pesa zake kwa inveta na betri, kisha akamwita fundi yeyote wa mtaani na kuona fyuzi, swichi na waya wa ardhini kama anasa. Wahenga walisema rahisi ni ghali.

Epra haina budi kuwaandama mafundi bandia, nao wauzaji wa inveta wahimizwe kumwuzia mteja kifaa pamoja na kinga zake. Mnunuzi naye amwitishe fundi leseni kabla ya kumruhusu kugusa waya. Gharama ya fyuzi haiwezi kulinganishwa na uhai wa mtu aliyepanda mlingoti kuturejeshea mwanga.