Mpwa wangu, karate na jino la jirani

"Njoo uichukue karate yako!"

Hivyo ndivyo dada yangu mkubwa alivyoanza aliponipigia simu Jumanne usiku kutoka Busia, bila hata kunijulia hali. Kijana wake wa kidato cha tatu alikuwa amempiga kijana wa jirani na kumng'oa jino la mbele. Mamake aliyepigwa alikuwa amefika mlangoni na jino lenyewe limefungwa kwenye kipande cha karatasi. Na ada ya karate, msomaji, alikuwa akiilipa nani kama si mimi?

Nilianza kuilipa mwaka jana. Vijana wawili watatu waliomzidi umri mpwa wangu walikuwa wakimvizia njiani akitoka shuleni, wakimpokonya nauli na pesa za maandazi. Siku ya tatu alirudi nyumbani shati limeraruka. Dada akataka kumhamisha shule. Mimi, mjomba mtu, nikapinga kwa sauti kubwa. Nikasema mtoto akishafundishwa kukimbia hatasimama tena, afundishwe kujitetea. Dada akauliza huko Malaba kuna mwalimu wa karate, nitalipa? Nikasema nitalipa.

Wacha nikiri kilichonisukuma. Nimekulia kwenye vibanda vya video, vile vya mabati na mabenchi, ambamo kwa shilingi tano ulimtazama Bruce Lee akiwaangusha watu arobaini peke yake. Hatukujua kwamba alifariki mwaka wa 1973 akiwa na umri wa miaka 32 tu, mwaka uleule filamu yake ya Enter the Dragon ilipotoka. Kwetu staringi hafi. Tulitoka kibandani tukipigana mateke hadi nyumbani, na mama zetu wakamalizia kazi kwa mwiko. Ng'ambo ya mpaka ugonjwa huu haujapona: mwaka wa 2010 vijana wa Wakaliga, Kampala, wakiongozwa na Isaac Nabwana, walitengeneza filamu yao iitwayo Who Killed Captain Alex?, iliyojaa kung fu, na ikatazamwa dunia nzima.

Basi Ijumaa usiku nikapanda basi la Busia. Asubuhi nikamkuta dada amenuna, chai iko mezani, mpwa wangu ameinamisha kichwa kama kuku aliyenyeshewa. Sikumgombeza. Nilimwambia avae viatu, twende kwa mwalimu wake.

Asiyeijua mipaka hii miwili hawezi kuelewa kwa nini mzazi wa hapa hufikiria ngumi. Busia na Malaba haziko mbali, safari ya matatu kupitia Alupe na Adungosi, lakini zote mbili hazilali. Malori ya Mombasa yanapanga foleni kuingia Uganda. Mwaka wa 2020, madereva walipokuwa wakisubiri kupimwa corona, foleni ya Malaba ilifika makumi ya kilomita. Kuna wabadilishaji pesa na vibunda vyao mkononi, akina mama wenye vikapu vya vitunguu na samaki, na mawakala wa forodha wakikimbia na makaratasi. Kuna pia wale wa njia za panya ambao hawapendi kutazamwa usoni. Jina boda boda lenyewe lilizaliwa huku, enzi za baiskeli zilizovusha abiria na mizigo kati ya vituo vya forodha vya nchi hizi mbili. Tangu Februari 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walipofungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia, mambo ya karatasi yamepungua. Kusukumana hakujapungua. Kwa siku moja mtu anaweza kutukanwa kwa lugha tano.

Mwalimu tulimkuta katika ukumbi wa kukodi, umbali mfupi kutoka barabara kuu ya Malaba. Siku za kazi ni karani wa kupakua na kupitisha mizigo. Ni mtu mfupi, mwenye kitambi kidogo, na nakiri nilivunjika moyo. Nilitarajia chuma, nikaona mjomba wa watu.

Wanafunzi wake, kama ishirini hivi, walikuwa wakifagia. Wakubwa kwa wadogo, wasichana kwa wavulana, mshipi mweupe na mshipi wa kahawia, kila mmoja na ufagio au kitambaa. Kisha wakapanga mstari, wakainama kusalimu, wakaanza. Nilikaa kwenye benchi karibu saa mbili nikingoja mtu apigwe. Hakuna aliyepigwa! Walirudia kata, yaani ule mfululizo wa mienendo unaokwenda mbele, kando na nyuma kana kwamba maadui wamekuzunguka. Walirudia ileile mara kumi na tano. Walipopangwa wawili wawili, ngumi ilitoka kwa kasi ya kutisha na kusimama upana wa kidole kutoka puani mwa mwenzake. Ikasimama hapo, ikarudi.

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe," mwalimu aliniambia baadaye. "Kupiga hata punda anajua. Mimi nafundisha kusimamisha."

Hapo ndipo nilipomweleza habari ya jino. Hakuwa ameisikia. Alimwita mpwa wangu, akamketisha sakafuni mbele yetu, akamwambia asimulie polepole kama anayehesabu pesa. Kijana akaeleza: yule jirani, mmoja wa wale wa kumvizia, alimshika kola. Akamkinga, akamsukuma kifuani. Jirani akayumba, akaachia.

"Halafu?"

"Akageuka, mwalimu."

"Akageuka kwenda wapi?"

Kimya. Nje lori lilikuwa likipiga honi.

"Alikuwa akienda zake," mpwa wangu akasema, "nikamwita jina. Alipogeuka nikampiga."

Nami, msomaji, niliyekuwa nimejiandaa kumtetea, nikakosa neno. Mwalimu hakupandisha sauti. Alimwambia kwamba kumkinga na kumsukuma yeye amempa maksi zote, na hata sheria haimnyimi mtu haki ya kujikinga kwa kiasi cha hatari inayomkabili. Lakini kile kipigo cha mwisho hakikuwa cha kujikinga, kwa kuwa hatari ilikwisha kugeuka na kuondoka. Kilikuwa cha kulipiza nauli ya mwaka mzima. "Nani alikufundisha hicho?" akamuuliza. Kijana akanitazama mimi! Sijui kama alimaanisha kitu au ni macho tu yaliyopotea njia.

Tulipobaki wawili mwalimu alinisimulia habari za Gichin Funakoshi, nami nimezifuatilia tangu siku ile. Alizaliwa mwaka wa 1868 katika visiwa vya Okinawa, ufalme mdogo wa wafanyabiashara uliobanwa kati ya China na Japani. Ulivamiwa na ukoo wa Satsuma mwaka wa 1609, na mwaka wa 1879 Japani ikaumeza kabisa. Ukipenda iite Busia ya baharini: bidhaa zilipita, maneno yalipita, na mbinu za mapigano kutoka China zikachanganyika na za wenyeji. Funakoshi alikuwa mwalimu wa shule tu. Mwaka wa 1922 ndipo alipoipeleka karate Tokyo kuionyesha, na ni yeye aliyesukuma jina hilo liandikwe kwa maana ya mkono mtupu badala ya mkono wa Kichina. Utupu huo, alieleza, si wa kukosa silaha peke yake. Ni kujimwaga majivuno na nia mbaya.

Katika kumbukumbu za maisha yake anasimulia mambo mawili yaliyomfaa sana mpwa wangu. Akiwa kijana alisimamishwa njiani usiku na watu wawili. Alikuwa amebeba vitumbua vitamu vya kuweka kwenye madhabahu ya wazee wa ukoo. Akawapa, akaenda zake, na walimu wake waliposikia wakafurahi kuliko kama angewavunja mbavu. La pili lilitokea uzeeni, akiwa na miaka karibu themanini, baada ya vita. Mtu alitaka kumwibia na kumpiga kwa mwavuli. Mzee akakwepa, akamkamata pale ambapo mwanamume hapendi kukamatwa, akamshikilia mpaka polisi akatokea. Wengine wangetengeneza filamu. Yeye aliona haya, kwa kuwa alihisi amefanya lile alilokuwa akiwakataza wanafunzi wake miaka yote.

Siyo karate peke yake. Jigoro Kano alipoanzisha judo mwaka wa 1882 katika hekalu la Eishoji, Tokyo, akiwa na wanafunzi tisa na mikeka kumi na miwili, aliipunguzia mieleka ya zamani zile mbinu za hatari na kusisitiza kwamba mnaoshindana mnapaswa kunufaishana. Mtu akikuangusha vizuri unamwinamia, kwa sababu amekukopesha mwili wake ujifunzie.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila mwenye mshipi mweusi ni mtakatifu. Wapo wanaouza mishipi kama wauza vitunguu. Na ikifika miezi ya uchaguzi, vijana wenye misuli huanza kutafutwa na watu wenye magari makubwa wakawavurugie wapinzani mikutano. Mwalimu huyu aliniambia amewahi kuwafukuza wawili waliokubali kazi hiyo, na mmoja alikuwa hodari kuliko wote. Mzazi anayemtafutia mtoto mwalimu asiangalie vikombe vilivyopangwa kabatini. Akae kwenye benchi kama mimi, aone wakubwa wanawashughulikiaje wadogo, na mwalimu anafanya nini mtoto akilia.

Aangalie pia wasichana wanasimama wapi. Pale Malaba walikuwa mstari wa mbele, na zoezi lao la kwanza lilikuwa sauti: wanasimama wima, wanatazama mtu machoni, wanasema hapana kwa nguvu hadi mabati yanaitika. Hilo hilo hufanywa Korogocho, Nairobi, na bibi za watu katika kundi la Shosho Jikinge, ambao wengine wana zaidi ya miaka sabini, na hawalengi kushinda kikombe chochote. Wanaotaka vikombe nao wapo: Faith Ogallo, aliyeiwakilisha Kenya katika taekwondo kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii, hapo Bungoma tu.

Hukumu ya mpwa wangu ilikuwa hivi. Mshipi wake wa kijani mwalimu aliukunja akautia kabatini. Kwa miezi mitatu atavaa mweupe na kusimama mwisho wa mstari, pamoja na watoto wa darasa la tatu. Gharama ya daktari wa meno itatoka kwake mwenyewe, kwa kubeba mizigo dukani kwa mamake kila alasiri. Na kabla ya jua kutua aende kuomba msamaha.

Tulikwenda, dada, mpwa wangu na mimi. Nilidhani tungekaribishwa chai kama kwenye hadithi. Mama yule alitupokea mlangoni, akapokea pesa za kwanza, akazihesabu mara mbili. Mwanawe alisimama nyuma yake amefunika mdomo kwa kiganja. Mpwa wangu aliinama kidogo, kama wanavyoinama ukumbini, akasema, "Nilikupiga ukiwa unaenda zako. Nisamehe." Yule kijana hakujibu. Mamake akasema tumesikia, akafunga mlango.

Kuhusu wale wa njiani, dada alinieleza jambo alilokuwa amelifanya bila kuniuliza. Alikwenda kwa mwenyekiti wa wanabodaboda wa kituo kilicho karibu na shule, mtu mzima mwenye wajukuu, akamweleza. Tangu siku hiyo, watoto wakitoka shuleni pikipiki mbili huegeshwa pale kwenye kona. Hakuna aliyeporwa tena. Nikamuuliza kwa nini hakufanya hivyo mwaka jana. Akanikazia macho. "Si wewe ulisema afundishwe ngumi?"

Jumapili jioni mpwa wangu alinisindikiza stendi. Makanga mmoja akaninyakua begi kwa nguvu akitaka nipande gari lake, mwingine akashika mkanda, wakanivuta huku na huku kama ng'ombe wa mnada. Mmoja akanitukania mama. Nikahisi damu inapanda masikioni, na nilipojitazama mkono wa kulia ulikuwa umekunjika ngumi.

Mpwa wangu aliingia katikati yetu taratibu. "Shikamoo, kaka," akamwambia yule mtukanaji, huku akimtoa vidole kwenye begi kimoja kimoja. "Huyu ni mjomba wangu, ameshakata tiketi." Yule jamaa akacheka, akaachia, akamkimbilia abiria mwingine.

"Fungua mkono, mjomba," kijana akaniambia. "Basi linaondoka."