Skrini Nyeusi si Kosa la Linux

Nimechoka kusikia kwamba Linux ni mbovu eti kwa sababu mtu aliisakinisha akapata skrini nyeusi. Na jibu la sisi wapenzi wa Linux limenichosha zaidi: "Kwani nani alikwambia ununue kadi ya NVIDIA?" Jamani, mtu ameuliza njia, wewe unamcheka viatu!

Hebu tuelewane kwanza. Draiva ni mkalimani kati ya kerneli na kadi ya grafiki. Ili mkalimani afanye kazi lazima ajue lugha zote mbili. Lugha ya kerneli iko wazi kwa kila mtu. Lugha ya kadi anaijua aliyeitengeneza, na hapo ndipo ugomvi ulipo.

Intel huandika draiva zake wazi ndani ya kerneli yenyewe. AMD walianza kutoa nyaraka za kadi zao mwaka 2007, na draiva yao ya amdgpu ikaingia kerneli 4.2 mwaka 2015. NVIDIA kwa miaka mingi walitoa draiva iliyofungwa, chukua au acha. Wanaojitolea wakaamua kuchunguza amri zinazotumwa kwenye kadi na kukisia maana yake moja moja. Kazi hiyo ndiyo nouveau, iliyoingia kerneli 2.6.33 mwaka 2010. Halafu kuanzia kadi za GeForce GTX 900 za mwaka 2014, kadi zikaanza kukataa fimwea isiyo na sahihi ya kampuni. Matokeo yake nouveau haikuweza tena kupandisha kasi ya saa ya kadi. Umelipia farasi, unatembea kwa punda!

Kuna watakaosema biashara ni biashara, kampuni ina haki ya kulinda siri zake. Sawa, lakini hakuna anayeomba michoro ya chipu. Tunaomba tu kujua namna ya kuongea na kitu tulichokwisha kulipia. Intel na AMD wamefanya hivyo na bado wako sokoni.

Linus Torvalds aliwaonyesha NVIDIA kidole cha kati kule Finland mwaka 2012, watu wakacheka sana. Binafsi kile kidole hakinisisimui, hakikuwasha skrini ya mtu yeyote.

Mwezi Mei 2022 NVIDIA wakafungua msimbo wa moduli zao za kerneli. Vigelegele kila mahali! Lakini tazama walichofungua: ni sehemu ya kerneli tu, na kwa kadi za kizazi cha Turing kuja mbele. Kazi nyingi imehamia kwenye fimwea iliyofungwa, na maktaba zao za OpenGL, Vulkan na CUDA bado zimefungwa vilevile.

Sasa jiulize, nani kaachwa nje? Ni sisi. Laptopu nyingi zinazouzwa hapa Nairobi ni mitumba, zimeshatumika ofisini ng'ambo. Mwanafunzi anajinyima apate mashine yenye GTX 1050, kizazi cha Pascal cha mwaka 2016, na kwake ni mashine mpya kabisa. Draiva za mfululizo wa 580 ndizo za mwisho kwa Maxwell, Pascal na Volta. Baada ya hapo atabaki na nouveau, ambayo kwa kadi yake imefungwa miguu.

Watengenezaji wa Linux nao wasijifiche nyuma yangu. Secure Boot ikiwa imewashwa, moduli ya NVIDIA lazima iwe na sahihi, kwa hiyo baada ya kuwasha upya kunaweza kutokea skrini ya bluu inayouliza nenosiri la MOK. Mgeni atajuaje MOK ni nini? Anaipita, moduli inakataliwa, lawama zinaanza.

Kama umekwama leo: kwenye menyu ya GRUB bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, mwishoni ongeza nomodeset, kisha bonyeza F10. Ukishaingia na kusakinisha, kwa Ubuntu andika sudo ubuntu-drivers install, washa upya, na skrini ya MOK ikija usiikimbie. Amri lspci -k itakuonyesha draiva inayotumika.

Na kama bado hujanunua, nenda dukani na flashi yenye Linux, uwashe mashine kwa hiyo flashi kabla ya kutoa hata shilingi. Muuzaji akikataa, duka la jirani liko wazi.