Ganzi ya Vidole Isemwe Kabla ya Dripu

Mama anashindwa kufunga kifungo cha gauni. Ndala inamtoka mguuni njiani, hana habari. Usiku nyayo zinawaka kama zimepakwa pilipili. Akifika kliniki, daktari anamuuliza anaendeleaje. "Namshukuru Mungu, daktari, sijambo." Dripu inatundikwa.

Saratani ya mji wa mimba inapohitaji dawa za dripu, hutibiwa mara nyingi kwa paklitakseli na kaboplatini, dripu moja kila baada ya siku 21. Paklitakseli huumiza mishipa ya fahamu, kuanzia ncha za vidole, na kila daktari wa saratani analijua hilo. Akiambiwa mapema anaweza kupunguza dozi, kuahirisha dripu au kubadili dawa. Lakini atapunguzaje asichokijua?

Wengi wananyamaza kwa hofu: nikisema, nitasimamishiwa dawa na saratani itarudi. Hofu hiyo tunaielewa. Ila ganzi ikiachwa ikomae, ndiyo hasa inayolazimisha dawa kusimama, na kwa baadhi ya wagonjwa haiondoki hata matibabu yakiisha. Mwenye kisukari ana sababu zaidi ya kusema, maana mishipa yake huenda ilishaguswa kabla ya dripu ya kwanza.

Wengine wanakimbilia vidonge vya vitamini. Mwongozo wa mwaka 2020 wa ASCO, chama cha madaktari wa saratani cha Marekani, haukupendekeza vitamini yoyote ya kuzuia tatizo hili. Kwa maumivu ulitaja dawa moja tu, duloksetini, nayo ni ya kuandikiwa na daktari. Pesa ya vidonge inunue viatu vya kufunga, ndala zipumzike.

Nyumbani, sufuria aepue mtu mwingine. Maji ya kuoga apimiwe. Taa ya njia ya chooni iwake usiku.

Na wauguzi wetu, swali la "unaendeleaje" halitoshi. Kabla ya kutundika, ulizeni: vifungo unafunga mwenyewe? Sakafu unaihisi? Jibu liandikwe kwenye faili. Ni dakika moja, haihitaji mashine wala bajeti, na bado watu wanapitishwa dripu baada ya dripu bila kuulizwa.

Wewe unayemsindikiza mama, ukimsikia anasema hajambo, omba radhi useme: "Daktari, jana mama aliungua kidole jikoni, na hakuhisi."