RANGI YA MASIKA NI FEDHA YA MBOLEA

Ndugu Wanaushirika na Wanakijiji,

Kila anayepita dukani ameuona ukuta wa ghala letu. Tuliupaka rangi mwezi wa pili mwaka huu, mvua ikinyesha. Leo rangi ile imeota malengelenge kama mtu aliyeungua na uji, na upande wa mashariki inabanduka vipande vipande. Watoto wanaichezea. Watu wanauliza nani alaumiwe. Sisi wa ofisi ya Chama tunajibu bila kuzunguka: na sisi tumo. Tulisema kwenye mkutano kwamba wageni wanakuja, kijiji kisionekane kichafu, na kila kaya ipake nyumba yake. Fundi tuliyemtoa Makambako alitwambia, "Wazee, ukuta huu bado unalia." Tukamwambia apake hivyo hivyo.

Basi tuseme kwa nini ilikuwa makosa, maana wapo wanaosema rangi ilikuwa feki. Hapana jamani, rangi haikuwa na kosa.

Tofali letu la kuchoma linakunywa maji. Nyumba zetu nyingi msingi wake hauna kitu cha kuzuia unyevu, kwa hiyo maji yanapanda kutoka ardhini kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Ukipaka rangi ya mafuta juu ya ukuta kama huo umeyafungia maji ndani. Jua likitoka siku moja tu, maji yanataka kutoka, yanakuta mlango umefungwa, yanaisukuma rangi. Ndiyo hayo malengelenge. Rangi ya maji nayo ikinyeshewa kabla haijakauka inachuruzika mpaka chini, si mmeona pale kwenye mlango wa ofisi? Na baridi ina kazi yake pia. Rangi ya maji haishiki vizuri ukuta ukiwa na baridi ya chini ya nyuzi 10, na sisi huku Njombe tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba mnazijua wenyewe.

Mtu asituambie kwamba ndugu zetu wa Makambako wanapaka mapema. Kule ni kilometa 60 tu kutoka Njombe mjini, lakini kuna upepo mkavu, na ukuta unakauka upesi kuliko huku kwetu kwenye ukungu.

Lakini rangi si jambo kubwa kuliko yote. Jambo kubwa ni fedha. Mwezi wa pili ni mwezi gani kwa mkulima wa hapa? Ni mwezi ambao viazi na mahindi ya mwaka jana yamekwisha kuuzwa, ada za shule zimekwisha kulipwa, na senti iliyobaki ni ya mbolea ya kukuzia. Tunajua kaya ambazo zilinunua kopo la rangi kwa fedha hiyo kwa sababu Katibu alisema. Mama mmoja mjane alikuja ofisini, hakugombana, alituonyesha tu shamba lake kwa kidole. Mahindi yalikuwa ya njano. Nyumba yake nayo rangi imebanduka. Hapo hatukuwa na la kumjibu.

Maoni yetu sasa ni haya. Amri ya kupaka nyumba wakati wa masika ifutwe, na asitozwe mtu faini kwa ajili ya ukuta. Kazi ya rangi ifanywe kati ya mwezi wa nane na wa kumi, mvua ya mwezi wa kumi na moja haijafika, na mazao yamekwisha kuuzwa. Lipu mpya iachwe kama siku 28 kabla ya kuguswa na brashi. Asubuhi subirini umande ukauke, saa nne hivi, na mwisho iwe saa tisa, rangi ipate kushika kabla ya baridi ya jioni.

Kwa asiye na fedha ya rangi ya kopo, chokaa inatosha, na sisi tunaona ni bora zaidi kwa ukuta wa tofali, kwa sababu inauacha ukuta upumue. Iko inayochomwa Songwe kule Mbeya. Paka nyembamba, mara tatu. Ila jihadharini na macho, chokaa inaunguza. Na wazee wetu je? Walikandika kwa udongo mweupe wa bondeni baada ya mavuno, na hakuna aliyewafundisha darasani. Sisi tuliosomea kisomo cha watu wazima tukajifanya tunajua kuliko wao.

Kuhusu ghala: Kamati imekubali rangi iliyobaki, makopo manne, ifungwe na ihifadhiwe. Ukuta utakwanguliwa kwa msaragambo. Kwanza tuchimbe mfereji upande wa juu na kuongeza upenu, maji ya bati yasirukie ukutani. Mkutano ni Jumamosi saa nane, chini ya mkaratusi. Kaya zilizonunua rangi kwa agizo letu zije na hesabu zao, tuone Ushirika utawakopesha mbolea kiasi gani msimu ujao.

Katibu wa Tawi