Chatu Aliyekula Aachwe Alale

MAONI: Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Naomba nitoe dukuduku langu kuhusu jambo ambalo limeingia hapa kwetu kama mzaha, nalo ni kufuga watoto wa chatu. Maoni yangu ni haya: chatu mchanga anayetapika chakula hana kiburi wala hana mkosi. Tatizo ni mikono yetu, na dawa yake ya kwanza ni kumwacha.

Vijana fulani wa kijijini walimpata chatu mdogo, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, walipokuwa wakikata matete upande wa kinamasi cha Yala. Wakamtia ndani ya katoni ya sabuni, wakaiweka juu ya sakafu ya simiti. Siku ya kwanza wakampa omena, akakataa. Siku ya pili eti wakampa ugali! Jamani, tangu lini chatu akala ugali? Mwishowe wakampa kifaranga, akakibana na kukimeza. Basi habari zikaenea. Kila jioni baada ya michezo, wanafunzi wakapanga foleni kumshika, huyu amvike shingoni, yule amvute mkia. Usiku wa pili kifaranga kikatoka kizimakizima, manyoya yamelowa na kunuka. Wazee wakasema huo ni mkosi. Vijana wakasema ni kiburi, wakamsukumia kingine kwa kijiti siku iyo hiyo. Hicho nacho kikatoka.

Wasomaji wapenzi, tuyachunguze haya kwa akili, si kwa hasira. Nyoka hajitengenezei joto mwilini kama sisi. Hulipata kutoka kwa jua, mawe na udongo, na joto hilo ndilo huwezesha tumbo kusaga chakula. Ukimlaza juu ya simiti usiku, upepo wa ziwa ukivuma, chakula hakisagiki. Huanza kuoza, na mwili hauna budi kukitoa. Sababu ya pili ni kushikwashikwa. Porini chatu akishiba hujificha na kutulia. Akishtuliwa, hukitapika chakula ili awe mwepesi wa kutoroka. Kwa hiyo kila mkono ulioingia katika katoni ile ulikuwa ukimwambia, "Adui amekuja!" Sababu ya tatu ni tamaa yetu ya kuona maajabu. Nyoka mchanga afaa apewe mnyama asiyezidi sana unene wa mwili wake, lakini sisi twataka kuona akimeza kikubwa ili tupige makofi. Minyoo na magonjwa pia yaweza kumtapisha.

Kutapika si jambo dogo kwa nyoka. Hupoteza maji, na asidi ya tumbo huliunguza koo lake. Kumlisha tena siku iyo hiyo ni kutonesha kidonda. Wajuzi wa nyoka humpa maji safi, mahali pa kujificha, na makao yenye upande wa joto na upande wa ubaridi. Husubiri siku kumi hadi wiki mbili, kisha humpa chakula kidogo kuliko kile cha kwanza, na baada ya kula hawamgusi kwa siku mbili au zaidi. Akirudia kutapika, hupelekwa kwa daktari wa wanyama. Isitoshe, si kila anayekataa chakula ni mgonjwa. Macho yakifanya ukungu, huenda anakaribia kujivua gamba. Wahenga walinena kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi naongeza kuwa binadamu hamjui nyoka asiye na njaa!

Wengine watasema, "Kwani nyoka si nyoka tu? Auawe yaishe." Hao nawakumbusha Omieri wa Nyakach, yule chatu ambaye watu wengi waliamini huleta mvua na mavuno mema. Mwaka 1987 aliungua katika moto wa kichaka, akapelekwa Nairobi kutibiwa, akafa, na watu wakamlilia. Mwaka 2003 chatu mwingine alionekana kule Wasare akiwa amezungukia mayai yake, naye akaitwa Omieri vilevile. Chatu jike huatamia kwa karibu miezi mitatu, na kwa kawaida wakati huo hali kitu. Hata angeletewa kuku wa kijiji kizima, haja yake ingekuwa utulivu tu. Huhitaji kuamini habari za mvua ili ukubali hilo. Tena chatu hana sumu, na panya anaowala ni wale wale wanaotumalizia mahindi.

Hadi ninapoandika, yule chatu bado yumo katika katoni. Amekonda hata uti wa mgongo umechomoza kama paa la nyumba. Wenyewe wanaogopa kusema kwa sababu Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu mtu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Naelewa hofu yao, lakini woga wetu usimuue kiumbe asiye na hatia. Napendekeza mambo mawili. Kwanza, mwalimu mmoja akubali kuwa mpatanishi, awaite maafisa wa KWS wamchukue, bila vijana hao kuaibishwa mbele ya gwaride. Pili, tunaotaka kutazama nyoka tuchangishe nauli twende Makavazi ya Kisumu. Huko wako nyoka wanaotunzwa na watu wenye ujuzi, na hakuna anayewapa ugali.

Wenzangu, kupenda mnyama ni kujua anachohitaji, si kumlazimisha apende tunachopenda sisi. Mwacha asili ni mtumwa, na asili ya chatu ni kinamasi, si katoni. Basi hebu tuondoe mikono yetu leo, kabla katoni haijawa jeneza. Mwenye macho haambiwi tazama.