Usiogope kuuliza

Leo naweka programu kando kidogo.

Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilisema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la kifungo cha hadi miaka 2, kinakiuka Katiba. Mimi nasema ni vyema. Anayeogopa polisi hasemi ukweli, na asiposema atasaidiwaje?

Sisi wa kompyuta husoma logi kabla seva haijaanguka. Binadamu naye huonyesha dalili: hakosi kusema yeye ni mzigo, hujitenga, halali, hugawa vitu vyake. Ukiziona, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali halimpandikizii wazo. Niliwahi kumuuliza mwenzangu wa kazini. Alinyamaza, kisha akalia, kisha akaongea. Tulienda hospitali pamoja. Leo yupo.

Na wewe, wazo hilo likikurudia, ongea na mshauri mapema. Ukiwa tayari na mpango, usikae peke yako wala usingoje kesho. Hospitali ya Rufaa ya Moi hapa Eldoret ina wataalamu wa afya ya akili, na Msalaba Mwekundu hupokea simu bila malipo kwa 1199.

Kuomba msaada si udhaifu, jamani.