Maji ya batiki yasimwagwe mferejini

Akina mama wengi nchini wanajipatia riziki ya halali kwa batiki na mikeka ya rangi. Tatizo ni yale maji yanayobaki kwenye beseni. Huku Mazinde, maji yanayoshuka kutoka Usambara huelekea bonde la Mkomazi, kisha mto Pangani. Ukimwaga rangi juu, aliye chini anateka.

Rangi huzuia mwanga usiwafikie viumbe wa majini, na baadhi ya rangi za viwandani zikivunjika hutoa kemikali ziwezazo kuleta saratani. Maji ya batiki huwa pia na kostiki soda, ambayo huunguza ngozi.

Dawa moja tunaitupa kila siku. Jani la mkonge likisingwa, nyuzi hazifiki sehemu 5 katika 100. Yanayobaki ni makapi. Makapi hayo, kama maranda ya mbao na maganda ya kahawa, yana uwezo wa kunasa rangi. Hili si jambo geni: kituo cha Ngurdoto, Arusha, kimetumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kupunguza madini ya floraidi yanayoharibu meno na mifupa.

Osha makapi mpaka yasitoe utomvu, yaanike, kisha yakatekate. Toboa ndoo chini, tandika kitambaa, kokoto, mchanga, halafu makapi. Mimina maji ya rangi polepole. Rangi ikianza kupita, badilisha makapi.

Lakini tusidanganyane. Si kila rangi hunaswa sawasawa, na kostiki haiondoki kwa njia hii. Maji yakitoka meupe bado si ya kunywa, kupikia wala kutilia udhu. Yamwagwe shimoni, mbali na kisima na mfereji. Makapi yaliyotumika yasiwe mbolea ya mchicha wala kuni za jikoni, yazikwe.

Kwa maoni yangu, kila kikundi cha batiki kiwe na ndoo hiyo kabla ya kununua rangi nyingine. Gharama yake ni ndogo kuliko doti moja ya kitambaa. Dini yetu inatukataza kumdhuru jirani, na jirani ni pamoja na yule wa bondeni usiyemjua, anayemwogeshea mtoto wake maji uliyoyaachia wewe.

Wabillahi tawfiq.